Kila nikipandisha mbegu ya kizungu, mtoto anatweta zaidi. Ni banda au ni damu?

#1 KambaNdefu (Ole, Pemba)

Assalaam aleikum wanajamvi. Naomba mnisaidie kufikiri, nimefika pahala nahisi kisu nilichokinoa mwenyewe ndicho kilichonikata.

Mwaka 2009 nilirithi kwa marehemu baba ng'ombe jike mmoja wa kienyeji, Kidoti. Mdogo, mwekundu, nundu imelalia upande. Maziwa lita mbili, akifurahi sana mbili na nusu. Jua la kaskazi lilimkuta kafungwa kamba chini ya mnazi mmoja mwembamba ambao kivuli chake hakimtoshi hata kuku, na mchana kutwa anacheua. Sikumwona hata siku moja katoa ulimi.

Nikaambiwa uhimilishaji ndio mpango. Bwana mifugo akaja na mtungi wake, akampandisha mbegu ya Friziani. Akazaliwa Chausiku, nusu kwa nusu. Lita nane, tisa. Wallahi nyumba ilibadilika. Nimeezeka bati kwa maziwa ya Chausiku. Nikajisemea, ikiwa nusu inaleta tisa, robo tatu italeta ngapi? Chausiku nikampandisha Friziani tena, akaja Zawadi: kumi na moja wakati wa kusi, saba kaskazi ikishika. Hapo ningesimama. Sikusimama. Zawadi naye Friziani, akaja Malkia.

Malkia kazaa Novemba. Mwezi wa kwanza lita kumi na nne, majirani wanakuja kutazama. Leo Februari anatoa tano. Kuanzia saa nne asubuhi anasimama tu, kichwa chini, mdomo wazi, udenda unachuruzika, mbavu zinakwenda kama mvukuto wa mhunzi. Majani ya tembo namkatia mabichi, anayanusa. Kapandishwa mara tatu, mara tatu karudia, mimba haikushika.

Na Chausiku, bibi yake, kizee sasa, yuko hatua kumi kutoka kwake. Anakula.

Swali langu: ni maradhi, ni banda, au ni damu?

#2 Shombo la Mkoani

Waalaykum salaam. Huyo Malkia muuze kwa ajili ya harusi kabla hajakufa. Mie nachangia pilau.

#3 FundiMakuti

Ni banda. Yakhe, umeezeka bati sebuleni, bila shaka na ng'ombe umemwezekea bati. Bati la chini bila dari ni tanuri. Mimi nasuka makuti tangu mtoto, nimeona ng'ombe wa kizungu wanakaa vizuri kabisa chini ya makuti. Inua paa, futi kumi kwenda juu, toa ukuta wa upande wa upepo, weka maji mengi. Habari za damu ni za watu wanaouza mbegu.

#4 Kipimo cha Alfajiri

Fundi, subiri kidogo. Kabla ya banda na damu tuondoe maradhi. Mimi ni mganga wa mifugo, nimefanya kazi visiwa vyote viwili.

Kaka KambaNdefu, ng'ombe anayetweta na kuacha kula huku kwetu, wa kwanza kumshuku ni ndigana kali, yale maradhi ya kupe. Pima joto lake mara mbili: alfajiri kabla jua halijatoka, na saa nane mchana. Homa ya ndigana haijui alfajiri, itakuwa juu saa zote, na utakuta tezi zimevimba chini ya masikio na mbele ya bega. Akiwa ni mnyama aliyezidiwa na joto la hewa, usiku atalimwaga lile joto na alfajiri utamkuta karibu na kawaida, yaani 38.5 na kidogo. Halafu hesabu pumzi. Simama ubavuni, tazama shimo la nyonga linavyopanda na kushuka, hesabu nusu dakika, zidisha kwa mbili. Na bibi yake mpime vivyo hivyo siku hiyo hiyo, la sivyo hatuna cha kulinganisha.

#5 KambaNdefu

Daktari, nimepima siku tatu. Kipimajoto nimenunua duka la dawa, cha watoto. Mke wangu keshasema kisirudi ndani ya nyumba.

Malkia alfajiri 38.7. Saa nane mchana 40.6, pumzi 96 kwa dakika.
Chausiku alfajiri 38.4. Saa nane 39.0, pumzi 52.

Siku tatu hazikupishana sana, nimewaandikia ya kati. Tezi sikuona. Banda moja, paa moja (ndiyo fundi, ni bati), majani yale yale.

#6 Kipimo cha Alfajiri

Basi ndigana tuiweke pembeni, lakini dawa ya kupe usiache. Pumzi zikipita 60 ng'ombe keshaanza kupigana na joto. 96 ni vita anayoshindwa.

Kuhusu kurudia, hapa Kiswahili chenyewe kinatuchekesha: joto linaua joto. Jike aliyechemka mwili haonyeshi vizuri kama anataka dume. Hamu hiyo humjia Malkia saa za usiku kwa muda mfupi, wewe umelala. Na hata ukiwahi, kiinitete cha siku moja au mbili ni kitu dhaifu mno. Mwili wa mama ukifika 40 siku hizo, kiinitete hufa. Kikishafika siku ya tatu na kuendelea huanza kujimudu. Kwa hiyo pandisha alfajiri au baada ya magharibi, na siku mbili zinazofuata ndizo za kumwagia maji na kumpa kivuli kwa nguvu zote.

Damu nawaachia wenye elimu yake.

#7 Mtoto wa Dunga

Ami KambaNdefu, shikamoo. Vile vipimo vyako vimenifurahisha kuliko uzi wenyewe, unisamehe. Nimesoma sayansi ya wanyama Morogoro, ngoja nijaribu.

Jeni, yaani vinasaba, hukaa doti, kama kanga. Pande moja katoa mama, pande moja katoa baba. Ng'ombe ana doti kama 22,000 hivi. Chausiku, kila doti yake ina pande la Kidoti na pande la Friziani. Popote pande la kizungu lilipokuwa dhaifu, la kienyeji lilimsitiri, na popote la kienyeji lilipokuwa bahili wa maziwa, la kizungu lilimtolea. Ndiyo maana chotara wa kwanza huwa na nguvu kuliko unavyotegemea ukijumlisha wazazi na kugawa kwa mbili.

Zawadi ukampa pande la Friziani tena. Kwa wastani nusu ya doti zake tu ndizo zenye mchanganyiko. Nusu nyingine ni Friziani juu, Friziani chini. Malkia, robo tu ndiyo mchanganyiko. Kila uzao umemvua mtoto nguo ya bibi yake, pande kwa pande, na mwaka huu kaskazi imemkuta uchi.

Alivuliwa nini hasa? Ng'ombe wenye nundu walifugwa kwanza bonde la Indus, miaka kama 8,000 iliyopita. Wale wasio na nundu, wazee wa Friziani na Jezi, walifugwa Mashariki ya Kati kabla ya hapo kidogo, kisha wakaenda kukaa Ulaya kwenye baridi. Mwenye nundu ana mifuko ya jasho mikubwa zaidi, mingi zaidi, na iko karibu na uso wa ngozi. Nywele fupi, zimelala, zinang'aa. Na jambo ambalo watu hawalioni kwa macho: moto wake wa ndani ni mdogo. Hali sana, hatengenezi maziwa sana, hachemki sana. (Nundu, kwa wanaouliza kila mwaka, si tangi la maji wala si feni. Ni msuli na mafuta.)

Tena tofauti inafika mpaka ndani ya seli. Peter Hansen na wenzake, Chuo Kikuu cha Florida, waliweka viinitete vya Brahman (mwenye nundu) na vya Holstein (ndiye Friziani wetu) maabara kwenye nyuzi 41, hakuna jua, hakuna jasho, hakuna mama. Vya Brahman vilivumilia zaidi. Maana yake seli yenyewe imerithi uvumilivu. Kwa hiyo fundi wetu ana haki yake, lakini makuti hayaingii ndani ya seli.

#8 Mbara wa Chamwino

Wakuu, mimi niko Dodoma, jua la huku mnalijua. Mbona watu wana ng'ombe wa robo tatu na wanakamua? Chukueni damu ya Mpwapwa muone. Ng'ombe yule ametengenezwa hapa hapa Tanzania, ana Sahiwal ndani, ana Red Sindhi, ana Boran, ana wa kienyeji wetu. Visiwani mnapenda kuhangaika na mambo ya Ulaya.

#9 Mtoto wa Dunga

Kaka, Mpwapwa ni ng'ombe mzuri na damu zake ni za kuheshimiwa. Ila jua la Dodoma na fukuto la Chake ni vitu viwili.

Jasho halimpozi mnyama kwa kutoka. Linampoza kwa kukauka. Hewa ikishashiba maji, jasho linabaki juu ya ngozi, kazi bure. Kuna hesabu inayounganisha joto la hewa na unyevu ikatoa namba moja ya taabu ya ng'ombe. Zamani walisema taabu inaanzia 72. Kwa ng'ombe wenye maziwa mengi sasa wanasema 68. Nimekaa na kikokotoo: nyuzi 31 na unyevu asilimia 40, mchana wa bara mkavu, inatoka 78. Nyuzi 31 zile zile na unyevu asilimia 75, mchana wetu wa Februari, inatoka 84. Arusha siku ya nyuzi 20 na unyevu 60 ni 66, Friziani anastarehe. Na hapa kwetu usiku wa kusi, nyuzi 23, unyevu 80, nyie mmejifunika shuka: karibu 72. Yaani ng'ombe wa maziwa mengi kisiwani hata usiku wa baridi keshauvuka mlango wa taabu.

Ndiyo maana kwetu mifuko ya jasho peke yake haitoshi. Tunachokihitaji zaidi kwa yule mwenye nundu ni ule moto mdogo wa ndani. Na hapo ndipo pabaya, kwa sababu moto mdogo na maziwa mengi hawapendani. Watafiti wa Georgia, Marekani, walichambua kumbukumbu za Holstein wakaonyesha mwaka 2000 kwamba jeni za maziwa mengi na jeni za kuhimili joto zinavutana pande tofauti. Hazivutani mpaka kukatika kamba, ila zinavutana. Mkichagua madume kwa lita tu, mtoto baada ya mtoto, joto linawashinda hata kama hamkuwahi kulifikiria.

#10 Shombo la Mkoani

Na wale wa mchezo wa ng'ombe, mbona wanakimbizana na watu saa kumi jua kali, ngoma inapigwa, na hawatweti?

#11 KambaNdefu

Shombo, baba yangu alikuwa na dume wa mchezo. Alikuwa anatweta, tena sana. Ila akifungwa kwenye kivuli, kabla watu hawajamaliza kuhadithiana nani kakimbia, pumzi zimerudi. Nadhani hapo ndipo palipo siri. Sikuwahi kumpima, kipimajoto cha matakoni kwa dume wa mchezo mtafute mwengine.

#12 Bi Vifaranga (Jambiani)

Wanangu, mimi sina ng'ombe, nina kuku, na naona mnazunguka kitu ambacho mimi nakiona kila siku uani. Kuku wangu wa kishingo mwezi wa pili wanataga. Wale wa manyoya mazito wanakaa chini ya gari bovu la mume wangu, midomo wazi, yai hakuna. Nao nimewanunua siku moja, chakula kimoja. Hivi na hiyo ni jeni, au ni mambo ya waganga?

#13 Mtoto wa Dunga

Bi, shikamoo. Hiyo ni jeni, na ni nzuri kuliko ya ng'ombe kwa kufundishia kwa sababu unaiona kwa macho.

Kishingo ni jeni moja. Mwaka 2011 watafiti wa Edinburgh walionyesha kwamba kwa kuku hao kitu kimoja cha ngozi, kinaitwa BMP12, kinazalishwa kupita kiasi tangu kifaranga yumo ndani ya yai, na ngozi ya shingo ndiyo inayokisikia zaidi, basi manyoya pale hayaoti. Tena si shingoni tu. Mwili mzima manyoya yanapungua. Mwenye pande moja la jeni hiyo anapungukiwa manyoya kama asilimia 20, mwenye doti nzima kama 40. Joto linatoka mwilini, na ule mlo ambao ungekwenda kwenye manyoya unabaki.

Sasa tazama shingo zao vizuri. Mwenye kishada cha manyoya mbele ya shingo, kwa chini, ana pande moja. Ambaye hana kishada, shingo tupu kabisa au vijinyoya viwili vitatu, ana doti nzima. Jogoo shingo tupu kabisa ukimpa mitetea ya kawaida, vifaranga wote watakuja na kishada.

#14 Bi Vifaranga (Jambiani)

Subhanallah. Nimetoka sasa hivi uani na tochi. Jogoo ana kishada. Mtetea wake ana kishada. Na vifaranga wao kumi na mbili: shingo tupu wanne, wenye kishada watano, wa kawaida watatu. Miaka yote nilidhani wale wa kawaida jogoo wa jirani karuka ukuta. Nimemsemea vibaya.

#15 Mtoto wa Dunga

Bi, jogoo na mtetea kila mmoja ana pande moja tu, basi kwa wastani ungepata watatu, sita, watatu. Wanne, watano, watatu ni karibu kabisa. Jirani umwombe radhi.

#16 FundiMakuti

Haya. Na kwa ng'ombe, hakuna jeni moja kama hiyo? Maana ikiwepo, mimi nafunga biashara ya makuti.

#17 Mtoto wa Dunga

Usifunge. Lakini ipo moja inayokaribia, na habari yake tamu.

Kisiwa cha St. Croix, Karibi, kina ng'ombe wanaitwa Senepol. Hawana nundu, damu yao kubwa si ya kihindi, lakini nywele zao fupi mno, zimelala kama zimepakwa mafuta, na joto la kisiwani hawalijali. Mwaka 2014 ikachapishwa sababu. Kwenye kromosomu ya 20 kuna jeni ya kipokezi cha prolaktini, ile homoni ya maziwa. Senepol wamepoteza herufi moja tu ya DNA pale. Herufi moja ikitoka, maneno yote yanayofuata yanasomeka kombo, na kipokezi kinakatika mkia wake. Kwa maziwa bado kinafanya kazi. Kwa nywele kinawafanya wawe hivyo. Na pande moja tu la jeni hiyo linatosha, halihitaji doti.

Kilichonishangaza ni kwamba utafiti huo huo ulikuwa na ng'ombe wa New Zealand waliozaliwa na manyoya marefu kama kondoo. Hao herufi yao iliharibika kwenye prolaktini yenyewe. Wanachemka bure, wamelowa udongo kutwa kutafuta baridi, na majike hawatoi maziwa. Homoni ile ile imeshika nywele kwa mkono mmoja na maziwa kwa mkono mwengine.

Jeni ya Senepol imeshaingizwa kwa Holstein, Puerto Rico na Florida, kwa kupandisha tu kizazi baada ya kizazi, na hao Holstein wa nywele fupi kiangazi hawashuki maziwa kama wenzao. Sasa wako pia waliobadilishiwa herufi maabara. Machi 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza haina pingamizi na ng'ombe wa nyama wa aina hiyo.

Zebu wetu, yaani huyu mwenye nundu, msichanganye, hana jeni hiyo. Nywele zake fupi zimekuja kwa njia nyengine.

#18 Ustadh Mpenda Mifugo

Hapo pa kubadilisha maabara mimi nasita. Kupandisha dume kwa jike sawa, wazee wetu wote wamefanya. Kukata na kushona ndani ya kiumbe nataka nisikie kwanza wanazuoni wanasemaje.

#19 Mtoto wa Dunga

Ustadh, nakusikia, na hakuna anayelazimishwa. Jeni ile ile inapatikana kwa dume na jike bila maabara.

#20 Msimamizi

Tusihamishe uzi. Mada ya maabara afungue mwengine wake. Na aliyeweka tangazo la mbuzi wa kuuza, nimelifuta.

#21 KambaNdefu

Ahsanteni, nimesoma yote mara mbili. Kwanza ripoti. Fundi, nilikusikiliza. Nimetoa bati upande wa magharibi, nimetandaza makuti juu ya lililobaki, ukuta wa upande wa upepo nimeuangusha, na pipa la maji sasa halikauki. Malkia saa nane mchana: joto 40.0, pumzi 80. Maziwa yamepanda kutoka tano mpaka saba. Kwa hiyo hukusema uongo. Lakini Chausiku chini ya makuti hayo hayo ana pumzi 44. Pengo limepungua kidogo, halijaondoka.

Sasa naomba nielezwe kama mtoto wa darasa la tatu: mbegu ijayo nimpandishe nini? Nirudi kwa dume la kienyeji la jirani? Yule dume mzuri, ila naona lita mbili zinanichungulia.

#22 Mtoto wa Dunga

Ami, tufanye hesabu. Malkia ana damu ya Friziani 87.5, ya nundu 12.5. Kila mzazi anatoa nusu yake.

Ukimpa Friziani tena, mtoto ana nundu 6.25. Huko tusiende.

Ukimpa dume chotara nusu kwa nusu, mtoto ana nundu 31 na kidogo. Zawadi akipewa dume huyo huyo, mtoto ana nundu 37.5 na Friziani 62.5, yaani sehemu tano kwa tatu. Hiyo ndiyo hesabu ile ile ya Girolando, ng'ombe wa Brazili wa Holstein na Gir mwenye nundu. Ubaya wake: chotara kwa chotara watoto hawalingani. Mmoja bibi yake, mmoja babu yake. Uchambuzi uliochapishwa na FAO mwaka 1987, wa ng'ombe chotara wa nchi za joto, ulionyesha maziwa yanapanda vizuri mpaka nusu kwa nusu, baada ya hapo kuongeza damu ya kizungu hakuongezi kitu cha maana, na chotara waliopandana wao kwa wao wanashuka. Zile doti za mchanganyiko zinapungua nusu.

Ukimpa Sahiwal safi, mtoto ana nundu 56, na doti zake nyingi ni mchanganyiko tena. Sahiwal ni mwenye nundu aliyechaguliwa kwa maziwa muda mrefu, si dume la jirani yako. Mimi ningekwenda huko. Uzao unaofuata unaweza kurudi Friziani au Jezi, halafu Sahiwal tena, kama kusuka ukili: kulia, kushoto.

Jezi peke yake pia watu wanampenda visiwani, mwili mdogo, mlo mdogo, maziwa mazito. Anahimili kuliko Friziani. Jamaica, kisiwa kama chetu, Thomas Lecky alimtengeneza ng'ombe anayeitwa Jamaica Hope, aliyetambuliwa kuwa kabila kamili mwaka 1952: Jezi kiasi cha asilimia 80, Sahiwal 15, Holstein 5. Angalia hiyo 15 ilivyo ndogo. Ila Lecky hakupandisha tu akaondoka. Aliweka daftari miaka na miaka, akabakiza majike waliokamua vizuri pale pale kisiwani, kwenye joto la pale pale.

#23 Kipimo cha Alfajiri

Naongeza hapo kwenye daftari. Asilimia ni za karatasini. Ndugu wawili wa robo tatu, tumbo moja, mmoja anaweza kurithi zile pande za uvumilivu na mwengine akakosa. Nimewaona. Ukiwa na mitamba mitatu, pima pumzi saa nane mchana wa Februari kabla hujaamua yupi abaki. Haina gharama. Australia tangu mwishoni mwa 2017 wana alama ya kuhimili joto kwa madume wa Holstein na Jezi, wameipata kwa kulinganisha kumbukumbu za maziwa na kumbukumbu za hali ya hewa. Sisi hatuna kumbukumbu hizo, tuna ubavu wa ng'ombe na saa ya mkononi.

Na Malkia akishika mimba, ile miezi miwili ya mwisho usimtupe nje eti hakamuliwi. Florida wameonyesha jike anayechemka miezi hiyo, mtoto wake wa kike aliye tumboni anakuja kukamua pungufu, na hata mjukuu. Jeni hazikubadilika, namna zinavyotumika ndiyo imeharibiwa mapema.

#24 Mwana wa Dau

Nimesoma kimya tangu jana, nina moja tu. Tunasema "ng'ombe wa kienyeji" kama kaota hapa pamoja na mbuyu. Nundu ile imetoka Bara Hindi, si ndiyo? Basi na Kidoti alikuwa chotara.

#25 Mtoto wa Dunga

Umepiga penyewe. Mwaka 2020 walisoma DNA yote ya ng'ombe 172 wa Afrika, wakakuta wenye nundu na wasio na nundu walichanganyika kwa nguvu kiasi cha miaka 750 hadi 1,050 iliyopita. Majahazi ya kaskazi yalikuwa yanafanya safari zamani zile, Mreno bado. Na DNA inayopita kwa mama tu, kwa ng'ombe wa Afrika, hata wenye nundu, ni ya wale wasio na nundu. Maana yake walioleta nundu walikuwa zaidi madume, wakapandishwa kwa majike waliokuwepo. Uhimilishaji wa jahazi.

#26 Shombo la Mkoani

Kumbe KambaNdefu anafanya kazi ya miaka elfu na anataka majibu ya wiki mbili.

#27 KambaNdefu

Shombo, wewe pilau yako umeikosa.

Nimeagiza. Mhimilishaji kasema mbegu ya Sahiwal si ya kila siku, lazima iagizwe bara, tusubiri. Nimesubiri. Jumanne usiku saa nane nikasikia Malkia analia, nikatoka na tochi, kampandia Zawadi mgongoni. Daktari alisema usiku, na ilikuwa usiku. Nikampigia mhimilishaji baada ya alfajiri, akafika jua halijapanda minazi. Siku mbili zile tumemmwagia maji watoto wangu na mie kwa zamu, kila saa, mpaka kisima kikatoa tope.

Leo ni siku ya ishirini na nne. Hajarudia. Nasema kwa sauti ndogo.

Chausiku nimempima pia, kwa mazoea tu. 46. Alinigeukia kwa ule mdomo uliojaa majani kama ananiuliza nahesabu nini.